Bustani ya Kobe Isiyo na Mlango

Mume wangu amechora nyumba za watu maisha yake yote. Amechora shule, amechora zahanati, amechora hata kituo cha polisi chenye mahabusu, na kote huko hakuwahi kusahau mlango. Mtaa mzima unamwita Rula, kwa sababu hata mkate haukati kabla hajaupima kwa jicho moja. Sasa huyu Rula, alipostaafu, akajenga ukuta wa tofali kuzunguka bustani ya nyuma, ukuta unaonifika kiunoni, na hakuweka mlango. Nilimuuliza kama amesahau. Akaniambia kobe hawana haja ya mlango. Nikamuuliza, na watu je? Akasema watu wana miguu mirefu. Mimi nina magoti mabovu na analijua hilo, lakini magoti yangu hayakuwemo kwenye ramani.

Bustani yenyewe ni ya kobe. Nieleweke vizuri: si bustani ambayo kobe wanapita pita, ni bustani waliyolimiwa wao. Kila jani lililomo ni chakula chao. Kuna matembele, kuna majani ya maboga, kuna haibiskasi wanaokula majani yake na maua yake, kuna dungusi kakati lililokatwa miiba kwa mkasi wangu mzuri wa kitambaa, ambao tangu siku hiyo haukati kitu. Na mimi, mke wa ndoa, ninayeshona mapazia ya watu tangu asubuhi mpaka mgongo unakataa, nikitaka mboga nabeba kikapu naenda sokoni. Nikinyoosha mkono kwenye bustani naambiwa, "Hayo ni ya kobe."

Wala si kobe wake. Ni wa binti yetu wa pekee, aliyepewa na mwalimu wake aliyekuwa akihama. Mkubwa anaitwa Bwana Mkubwa, kwa sababu hampishi mtu njia. Mdogo anaitwa Shangazi, kwa kuwa zamani alikuwa akiingia chumbani kwetu bila hodi na kukagua chini ya kitanda. Binti aliwalea kwa makombo ya jikoni, nao wakakua, na nyumba ilikuwa na amani mpaka siku ya ugomvi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kipuuzi. Mzee alikuwa amembembeleza mkuu wake wa zamani ili binti apate meza kwenye ofisi ya michoro. Binti akaikalia meza hiyo kwa muda, akachora vyoo na ngazi za watu, halafu akaja kutuambia ameacha kazi na anakwenda mji mwingine kujifunza kuendesha kreni kwenye majengo. Mzee akasema binti wa mchoraji hawezi kuning'inia hewani kama nguo zilizoanikwa. Binti akasema afadhali kuning'inia kuliko kuchora vyoo mpaka uzeeni. Hapo Rula akanyoosha kidole na kusema, "Basi, mlango ule pale."

Wanaume husema hivyo wakiwa na hakika kwamba hakuna atakayetoka. Binti akautazama mlango, akamtazama baba yake, akaingia chumbani kufunga begi. Kobe aliwaacha kwa sababu chumba alichopanga huko kilikuwa ghorofani. Mzee akakaa kibarazani mpaka chakula kikapoa, akijua kabisa kwamba atarudi. Hakurudi, na yeye hakumfuata, nikabaki na vichwa vigumu viwili, kimoja nyumbani na kimoja kwenye simu.

Tangu hapo nikawa tarishi. Kila Jumapili binti ananipigia. Tunasalimiana, ananiuliza magoti, ananiuliza mapazia, kisha anasema, "Mama, hebu muulize huyo mzee, kobe wamekula nini?" Huyo mzee amekaa mbele yangu na anasikia kila neno, maana binti hajui kuzungumza polepole. Lakini atasubiri mpaka nimgeukie na kurudia swali, ndipo ajibu akiwa anautazama ukuta, "Mwambie huyo wako, wamekula mkate." Huyo wangu. Mtoto aliyerithi jina la mama mzazi wa mzee, ambaye mzee alikuwa akimwita "mama" tangu akiwa kwenye nepi, sasa amekuwa huyo wangu. Nami nasema kwenye simu, "Wamekula mkate," kana kwamba anayenisikiliza ni kiziwi.

Neno jingine halikupita kati yao. Hakuna aliyeuliza hali ya mwenzake. Mzee alipolazwa na homa, binti aliniuliza kama Shangazi anapata jua. Binti alipopandishwa cheo, mzee aliniambia nimwambie Bwana Mkubwa ametoboa wavu wa uzio. Nalisema wazi: mimi sikuwajali kobe hata kidogo, nilijali kwamba kobe ndio kamba pekee iliyobaki kati ya baba na mtoto. Kamba hiyo ikikatika, nilijua wasingekuwa na la kusemezana tena mpaka mmoja wao azikwe, na mwingine aje kulia kwenye bega langu.

Jumapili moja binti akasema amezungumza na daktari wa mifugo. Gamba la Bwana Mkubwa linalainika kwa sababu ya mkate na wali. Kobe anataka nyasi, majani magumu, maua, na unga wa maganda ya mayai. "Mwambie mzee kama hawezi aseme, nitafute mtu." Nilipolifikisha hilo, mzee akasonya. Akasema yeye si mtumishi wa kobe wa mtu. Kesho yake asubuhi nikamkuta mezani na karatasi kubwa, penseli imechongwa, na rula mkononi.

Akachora bustani nzima kwa vipimo, na mshale wa kuonyesha kaskazini, kana kwamba kobe wangepotea. Kisha akatoka na jembe akang'oa kila kilichoota nyuma ya nyumba ili aanze upya, akarundika magugu yote kando ya bomba. Akapanda nyasi za kununua, akazikata mraba, akawaweka kobe katikati yake. Bwana Mkubwa akazinusa, akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye lile rundo la magugu na kula mpaka akalala juu yake. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Rula, bila haya usoni, akayachukua magugu yaliyokuwa bado na mizizi akayapanda tena, safari hii kwa mistari iliyonyooka. Nimeona mengi katika umri wangu, lakini magugu yaliyofungiwa kamba, yakapimwa nafasi kati ya shina na shina, na kumwagiliwa jioni, sikuwahi kuyaona.

Ikaja zamu ya mayai. Tulikula mayai ili kobe wapate maganda, mpaka nikaanza kuona haya kukutana na kuku. Maganda yakakaushwa juani na kutwangwa kwenye kinu changu. Bwana Mkubwa alipousukuma wavu na kwenda kula maua ya jirani, ndipo ukajengwa huo ukuta usio na mlango. Mzee mwenyewe aliuvuka kwa vigoda viwili, kimoja ndani na kimoja nje, na alivuka kwa madaha kama anayepanda farasi.

Mimi sikuwa na kigoda, lakini nina mikono. Asubuhi mzee akiwa bafuni, niliegemea ukuta na kuchuma matembele ya upande wangu, kiasi cha sufuria moja. Alipotoka alisimama pale, akakuna kichwa, akasema Bwana Mkubwa siku hizi anakula sana. Jumapili akaniambia nimwambie huyo wangu kwamba hamu ya chakula imeongezeka. Nikamwambia hivyohivyo, bila kupepesa, na matembele yenyewe yakiwa jikoni yanachemka.

Basi siku moja binti akasema amepanga nyumba yenye uwanja, na Jumamosi atakuja kuwachukua kobe wake. Mzee alikuwa amesikia, kama kawaida, na kama kawaida akasubiri nimgeukie na kurudia. Akasema, "Mwambie aje awachukue. Nitapumzika." Jioni hiyo hakula. Kesho yake akaamka kabla yangu, akanunua miche ya maboga na kuipanda, mstari mzima.

"Kobe wanaondoka Jumamosi," nikamwambia kutoka upande wangu wa ukuta. "Hayo maboga atayala nani?"

"Udongo haukai bure," akajibu, na hakuinua kichwa.

Nilimtazama ule mgongo ulioinama nikamhurumia kidogo, halafu hasira ikarudi. "Jumamosi uzungumze naye," nikasema.

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Sema kuna jua."

"Akinisemesha nitajibu."

Nikaingia ndani nikampigia binti. Nikamwambia akija azungumze na baba yake. Akanijibu, "Akinisemesha nitamjibu, Mama." Neno kwa neno, na kwa kiburi kilekile. Nilikata simu kabla sijamtukana mwanangu wa kumzaa.

Jumamosi akaja na pikapu ya kukodi, amevaa buti za kazini, na nyuma amepakia sanduku la mbao, minyororo, na winchi ya mkono ya kunyanyulia mizigo. Alikuwa amenenepa mabega na nilifurahi mno kumwona, nikamkumbatia mpaka akalalamika. Kisha akaenda nyuma. Mzee alikuwa ndani ya ukuta wake anajitia kung'oa kitu.

"Shikamoo," akasema binti.

"Marahaba," akasema mzee.

Yakaishia hapo. Binti akauzunguka ukuta wote, akarudi aliponiacha. "Mama, mlango uko wapi?"

"Muulize mchoraji," nikasema.

Hakumuuliza. Aliinama, akamchukua Shangazi aliyekuwa karibu, akampeleka kwenye pikapu chini ya kwapa. Ikabaki kazi ya Bwana Mkubwa, ambaye kwa ulaji wa bustani ile alikuwa hashikiki hata kwa mikono miwili ya mtu mwenye nguvu. Nikasema niwaite vijana wawili kwa seremala. Mzee akaniambia nimwambie binti kwamba vijana watamkanyagia matembele. Binti akaniambia nimwambie mzee kwamba yeye analipwa mshahara kwa kunyanyua mizigo. Walikuwa wamesimama hatua chache tu mmoja mbele ya mwenzake, na mimi katikati nikigeuza shingo huku na huku.

Ilibidi kazi ifanyike. Juu ya bustani kuna kibanda cha kivuli, na boriti yake moja imepita ukuta na kutokeza nje. Binti akafunga winchi kwenye boriti hiyo. Mimi nikaleta turubai la pazia la ukumbi lililobaki, nikalishona pindo mara mbili, na humo ndimo Bwana Mkubwa akafungwa kama kifurushi, miguu nje. Mzee akashika mnyororo wa kuvutia upande wa ndani. Binti akasimama upande wa nje ili kuongoza mzigo, na kwa kuwa hakutaka kumsemesha baba yake, akaanza kumpigia ishara za mkono zile wanazotumia kazini.

Kidole juu, kinazunguka. Hiyo mzee aliielewa akavuta. Bwana Mkubwa akaacha ardhi, miguu inapiga makasia hewani, uso umejaa dharau ambayo kwa mara ya kwanza nilikubaliana nayo. Akapanda mpaka usawa wa ukuta, akaupita. Binti akanyoosha mkono, kiganja chini, akaupeleka pembeni. Mzee akavuta. Binti akarudia ile ishara kwa nguvu. Mzee akavuta zaidi. Bwana Mkubwa akagonga boriti kwa gamba, turubai likayumba, boriti ikalia.

"Simama, Baba."

Ilimtoka tu. Mzee akauachia mnyororo kana kwamba umemuunguza. Winchi ina kizuizi chake, mzigo haukushuka, lakini Bwana Mkubwa alikuwa amekwishaogopa, na kobe akiogopa anakojoa. Alikojoa sana, juu ya viatu vya mzee. Nilicheka peke yangu.

"Kumbe hiyo ya mkono ni simama," akasema mzee. Alisema na binti, si na mimi.

"Ni simama."

"Mtu atajuaje?"

"Kazini kila mtu anajua."

"Mimi sijawahi kufika kazini kwako."

"Hukuwahi kuuliza ni wapi."

Niliacha kucheka. Nikashika ukuta, nikaogopa hata kukohoa. Binti alikuwa amelishika turubai lisiyumbe, macho yake kwenye tofali.

"Kwa nini hukuweka mlango?" akauliza.

Mzee akajifuta mikono kwenye suruali, ikazidi kuwa michafu. Alichukua muda, kama afanyavyo kabla ya kupiga mstari kwa wino.

"Nilishamwonyesha mtu mlango mara moja," akasema. "Nikaona inatosha."

Bwana Mkubwa akawa anazunguka polepole kwenye pazia lake. Nilikuwa nikiwaza kwamba nimekaa na mtu huyu miaka yote hii, nimemkejeli kwa ukuta wake mbele ya jirani na mbele ya wateja, na jambo hilo alilolijengea tofali zote zile hakuwahi kunidokezea hata siku moja. Nilitamani kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja.

"Na ya kurudisha ni ipi?" mzee akauliza.

"Kurudisha nini?"

"Kitu kikishakwenda. Ukitaka kirudi huku."

Binti akaliachia turubai. Akainua mikono yote miwili, viganja vikielekea kifuani kwake, akavuta kama anayejisogezea kitu. "Hivi," akasema.

Mzee akainua mikono yake iliyojaa udongo, viganja kifuani, akavuta. Hakuwa akimtazama kobe. Alikuwa akimtazama binti.

"Hivi, mama?"

Binti akapanda ukuta na buti zake akatua upande wa pili, juu ya matembele, akayakanyaga mstari mzima mpaka alipo baba yake, na Rula hakusema neno kuhusu matembele. Alifika akamshika viwiko. "Viinue kidogo, Baba," akasema. "Hapo chini mwenye kreni haoni." Mzee akaviinua. Wakasimama hivyo, amemshika viwiko, na mkojo wa kobe ukikaukia viatuni, na mimi nikalia machozi yangu kwa hasira. Miaka mitatu ya kunigeuza shingo, ukuta mzima wa tofali, mayai yote yale tuliyokula, ili mtu apige ishara moja ya mkono.

Walimshusha Bwana Mkubwa palepale alipotolewa. Alipofunguliwa hakuonyesha shukrani, alikwenda moja kwa moja kwenye miche ya maboga na kula wa kwanza, na wa pili. Shangazi naye akatolewa kwenye sanduku akarudishwa ndani. Binti akasema hawezi kumning'iniza mnyama wake tena, gamba litapasuka. Mzee aweke mlango kwanza, ndipo yeye aje kuwachukua. Mzee akasema mlango hauwekwi tu, unachorwa. Akaleta karatasi, wakainama juu ya meza yangu ya kushonea, wakayasukuma mapazia ya mteja kando bila kuniomba ruhusa.

Jioni binti alipoingia kwenye pikapu alisema atapiga simu kuuliza mlango umefika wapi.

"Kwenye simu yangu usipige," nikamwambia. "Nimeacha utarishi."

Sasa anampigia baba yake, si Jumapili tu. Wanabishana juu ya mlango. Mzee ameuchora mara kadhaa. Binti anasema mwembamba, mzee anapanua. Binti anasema ufungukie ndani, mzee anasema utakanyaga nyasi, wanagombana mpaka betri inaisha, halafu mzee anauliza hali ya kreni na kama upepo huko juu ni mkali. Ananisimulia mimi kesho yake, kana kwamba sikuwa chumba cha pili nikisikia. Mpaka leo tofali hata moja halijatolewa kwenye ukuta ule. Asubuhi bado naegemea palepale kuchuma matembele yangu, magoti yananiuma, na sijawahi kuuliza mlango utakuwa tayari lini.